Jina la Mnyamwezi na Neno Mshenzi

Katika njia ya kale itokayo Bagamoyo hata Tabora, na kutoka hapo hata Ujiji, wapagazi hawakuchukua pembe na nguo tu. Majina nayo yalisafiri.

Hapo kale mtu wa Tabora hakujiita Mnyamwezi. Alijiita kwa nchi ya mtemi wake: Mnyanyembe, au Mgunda. Jina la Wanyamwezi lilitoka kwa watu wa pwani, na wengi hulieleza kuwa ni watu wa magharibi, upande uonekanapo mwezi mwandamo. Wanyamwezi nao walifanya vivyo hivyo: jirani zao waliwaita Wasukuma, maana sukuma kwao ni kaskazini. Majina hayo ya upande hayana tusi ndani yake.

Neno mshenzi si hivyo. Watu wa pwani walimwita hivyo mtu wa bara, na kinyume chake ni mwungwana. Asili ya mwungwana ni mtu huru, asiye mtumwa. Lakini safarini hata mtumwa aliyelelewa pwani aliitwa mwungwana, na mtu huru katika nchi yake akaitwa mshenzi. Basi maneno hayo hayakupima tena uhuru. Yalipima kanzu, dini na lugha. Richard Burton, aliyefika Tabora mwaka 1857, akaiita Kazeh, alilitia neno hilo katika kitabu chake cha 1860. Hivyo dharau ya pwani ilifika Uingereza, ikakutana na dharau iliyokuwako huko.

Dharau hiyo iliingia hata moyoni mwa aliyedharauliwa. Wako wapagazi waliorudi kutoka pwani wamevaa kanzu, wakajiita waungwana mbele ya ndugu zao. Lakini wengine walilitwaa jina la Mnyamwezi wakalifanya heshima: kijana aliyechukua mzigo hata baharini akarudi, alihesabiwa mwanamume kamili. Tena Mtemi Mirambo alipoifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, wafanya biashara wa Tabora walijua ya kuwa jina halimpunguzii mtu nguvu.

Leo mshenzi ni tusi kwa mtu yeyote asiye na adabu. Mtoto wa Tabora humtupia mwenziwe akikasirika, asijue ya kuwa hapo kale neno hilo lilikuwa jina la babu yake.