Bega ya mama na ugonjwa ya sukari: miaka 100 ya kuelewa

Hapa kwetu Base ya Kamina, mama wa miaka makumi tano akishindwa kupeleka mukono mgongoni, ata kwa kufunga mutoto, maelezo iko tayari: ni jembe, ni kutwanga, ao ni jirani mwenye wivu. Mie nilisomea agronomia, jembe ninaijua, sikatae kama inachokesha. Lakini uchovu wa jembe unapungua mutu akipumzika. Hii bega ingine inauma zaidi usiku, kisha inafungana kabisa: ata mutu mwingine akishika ule mukono na kuinua, haupande.

Wanganga wa Ulaya na Marekani nao walihangaika sana juu yake. Mwaka 1872, Simon Duplay, munganga wa upasuaji wa Paris, aliandika kama shida haiko mu kiungo chenyewe, iko ku nyama zenye kukizunguka. Mwaka 1934, Codman wa Boston akaipa jina ya "bega yenye kuganda", akaungama wazi kama ni ngumu kuieleza na ngumu kuiponyesha. (Watu wanasikia jina ile wanafikiri ni baridi ya mwezi wa sita. Hapana, baridi haina kosa.) Mwaka 1945 Neviaser, naye Mumarekani, akaonyesha mahali penyewe: mufuko mwembamba wenye kufunika kiungo cha bega unanenepa, unakaza, unakosa nafasi.

Munaona, ndugu zangu, mpaka pale sukari haijakuwa mu mazungumuzo. Njo mwaka 1972, miaka 100 kisha Duplay, munganga J. F. Bridgman alichapisha hesabu yake. Alipima watu 800 wenye ugonjwa ya sukari na 600 wasiokuwa nayo. Kwa wale wa kwanza, asilimia 10,8 walikuwa na bega ya vile; kwa wengine, asilimia 2,3 tu. Tofauti ya zaidi ya mara ine! Maelezo yenye wanganga wengi wanashika ni hii: sukari ikibakia mingi mu damu kwa muda murefu, inanata ku kolajeni, ile inayoshikilia ngozi, mishipa na viungo. Kolajeni inakuwa ngumu, na mufuko wa bega unakaza. Na bamama wa miaka 40 mpaka 60 njo wanapatwa zaidi.

Kwa hiyo mama anaweza kuja na bega, kumbe ana sukari yenye hakuna mutu amemuambia. Kuipima ni tone moja ya damu ku kidole. Wengi wanarudi nyumbani na dawa ya kutuliza maumivu bila lile tone. Kuna tena kortizoni, yenye Hench alianza kutumia mwaka 1948 ku wagonjwa wa viungo: sindano yake mu bega inasaidia, lakini inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa. Kupima kwanza ni lazima.

Bega yenyewe mara nyingi inafunguka polepole, kisha mwaka moja mpaka mitatu, na mazoezi ya pole inasaidia. Ku mashamba yetu ya mihogo na mahindi, ile ni misimu miwili, ata mitatu ya mvua, mama akilima na mukono moja.