Gavana na waya wa mafuta katika injini ya minibaiki

Gavana ya injini ndogo ni chombo kinachoshikilia mwendo wa injini mzigo unapoongezeka au kupungua. Minibaiki ni pikipiki fupi ya fremu ya mabomba na magurudumu madogo, iliyoenea Marekani tangu miaka ya 1960, na nyingi za mwanzo zilifungwa injini za mashine za bustani kutoka Briggs & Stratton na Tecumseh. Za leo hutumia Honda GX200 yenye sentimita za ujazo 196, au injini za Kichina zilizoundwa kwa kuiga mfano huo. Zote ni injini za kazi, zilizokusudiwa kukaa mahali pamoja zikiendesha pampu au mashine kwa mwendo usiobadilika. Kuifunga injini ya namna hiyo chini ya mtu anayezungusha kishikio kila dakika kunahitaji marekebisho, na mengi ya hayo hufanyika nje ya injini, kwenye vyuma vyembamba na springi zilizo kati ya kishikio na kabureta.

Ndani ya krankikesi kuna gia ndogo, aghalabu ya plastiki, inayozungushwa na kranki. Gia hiyo imebeba vipande vizito ambavyo hutanuka kwenda nje kadiri mzunguko unavyopanda. Vikitanuka husukuma kikombe kidogo, nacho husukuma shafti nyembamba ambayo ncha yake imetokeza nje. Kwenye ncha hiyo umebanwa mkono wa gavana kwa bolti na nati, na kutoka kwenye mkono huo ufito wa chuma huenda hadi kilango cha kabureta, kile kibati cha duara kinachofungua na kuziba njia ya hewa na mafuta. Upande wa pili wa mkono huo huo kuna springi inayouvuta kuelekea kufungua. Springi hufungua, vipande vizito hufunga, na injini hutulia pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Baadhi ya injini ndogo za Briggs & Stratton hazina gia hiyo: upepo wa flaiwili husukuma bapa jembamba, nalo hufunga kilango.

Katika mpango huu kishikio cha dereva huvuta springi tu. Anachoagiza dereva ni mwendo. Kilango kifunguke kiasi gani ni kazi ya gavana. Akifika mlimani, mizunguko hupungua, vipande vizito hulegea, na springi hufungua kilango zaidi hata kama kishikio hakijasogea. Ndiyo maana injini iliyozimwa, springi yake ikiwa imevutwa, huonyesha kilango kilicho wazi kabisa. Fundi aliyezoea bodaboda, ambako waya huenda moja kwa moja kwenye kabureta, huweza kudhani hiyo ni hitilafu na kuanza kukaza kisichotakiwa kukazwa. Gavana hii pia ni tofauti na spidi gavana ya mabasi na matatu, ambayo haiingilii mpaka gari lifikie kikomo. Ya injini ndogo iko kazini muda wote.

Kutokana na kanuni hiyo, kufunga waya wa kishikio kwenye kilango huku gavana ikiwa bado ndani ni kosa. Mkono wa dereva utafungua, vipande vizito vitasukuma kurudisha, na kati ya nguvu hizo mbili ufito utapinda.

Marekebisho ya kwanza hufanywa injini ikiwa imezimwa na kofia ya plagi imetolewa, na hayo ndiyo muhimu kuliko yote yatakayofuata. Nati ya mkono wa gavana hulegezwa. Mkono husogezwa upande unaofungua kilango mpaka kilango kifike mwisho, ukashikiliwa hapo. Kisha shafti ndogo, inayoshikwa kwa koleo kwenye ncha yake, huzungushwa kuelekea upande ule ule mkono ulikoelekea kufungua, mpaka igome. Nati hukazwa bila kuachia chochote. Sasa kilango kilicho wazi kabisa kinalingana na vipande vizito vilivyofumbwa kabisa, na gavana ina nafasi yake yote ya kufunga. Shafti ikizungushwa upande wa kinyume kabla ya kukaza, vipande vitakuwa vimeshamaliza mwendo wao wakati kilango kingali wazi, na injini itapaa mara itakapowaka. Kwa sababu hiyo haifai kukisia: kabla ya kulegeza nati ni vizuri kusogeza mkono mara kadhaa na kuona kwa macho upande upi unafungua. Springi nyembamba iliyozungushiwa ufito nayo ibaki mahali pake, kwani huondoa uchezaji kwenye matundu ya ufito.

Baada ya hapo hufuata wenzo wa mwendo, ule unaovutwa na waya wa kishikio ili nao uvute springi ya gavana, ambao watu wengi huupita. Kwenye pampu, wenzo huo hubanwa kwa nati na washa ya msuguano ili ukae pale ulipowekwa mkulima anapokwenda kushika mpira wa maji. Kwenye minibaiki sifa hiyo ni hatari. Dereva akiachia kishikio, wenzo usiporudi wenyewe injini itaendelea kuvuma na pikipiki itaendelea kwenda, na minibaiki nyingi huendeshwa na watoto. Nati ya msuguano hulegezwa mpaka wenzo uteleze bila kukwama, kisha hufungwa springi ya kuurudisha. Springi hiyo ni lazima, na haipaswi kuachiwa ile ya ndani ya kishikio pekee: waya ukikatika, springi ya kishikio hairudishi chochote upande wa injini.

Waya hupitishwa kwa mikunjo mipana, mbali na silensa na mnyororo, na ganda lake hubanwa imara karibu na injini, kwa kuwa ganda linaloteleza hula mwendo wote wa kishikio. Huachwa ulegevu wa milimita 2 au 3 kabla wenzo haujaanza kusogea. Hendeli ikizungushwa kushoto na kulia mpaka mwisho, wenzo usitikisike hata kidogo. Ukitikisika, waya ni mfupi au umepita njia mbaya, na siku moja utafungua mafuta katikati ya kona. Vishikio vingi vya pikipiki huvuta waya mrefu kuliko wenzo unavyohitaji, hivyo skrubu ya kikomo iliyo kwenye bati la wenzo ndiyo izuie, wala isiwe springi ya gavana kuvutwa mpaka inyooke.

Ndipo injini huwashwa, gurudumu la nyuma likiwa juu ya stendi, na kuachwa ipate moto. Kwenye GX200 mwendo wa chini huwekwa karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika kwa skrubu ya kabureta. Klachi ya kujishika yenyewe aghalabu huanza kushika karibu na 2,000, kwa hiyo gurudumu likizunguka kwa nguvu kishikio kikiwa kimeachiwa, mwendo huo uko juu mno au klachi imeharibika. Mwendo wa juu bila mzigo hupimwa kwa takometa na kuwekwa kwa skrubu ya kikomo, kati ya 3,600 na 3,900 hivi kulingana na kitabu cha injini husika. Sikio halitoshi hapa. Na kwa jenereta zenye injini hizi, zinazojulikana sana Afrika Mashariki, kikomo hakiguswi kiholela, kwani ile ya ncha mbili za sumaku lazima izunguke 3,000 ili itoe umeme wa hezi 50.

Tatizo linaloudhi zaidi ni injini kupanda na kushuka yenyewe bila kutulia. Ni tatizo la kale. James Watt alifunga gavana ya mipira inayozunguka kwenye injini ya mvuke mwaka 1788, na mwaka 1868 mwanafizikia James Clerk Maxwell alichapisha uchambuzi wa kihesabu wa kwa nini baadhi ya gavana hutulia na nyingine huyumba. Katika minibaiki chanzo cha kawaida ni jeti ya mwendo wa chini iliyoziba na kuipa injini mafuta haba, kwa hiyo kabureta isafishwe kabla ya gavana kushukiwa. Baadaye hukaguliwa ufito unaokwama na matundu yaliyolika. Mikono yenye matundu kadhaa ya springi huruhusu chaguo: tundu lililo karibu na shafti huifanya gavana iwe nyepesi kuhisi na rahisi kuyumba, la mbali huituliza lakini mwendo hushuka zaidi mzigo unapoingia. Nguvu ya vipande vizito hutegemea mraba wa mwendo, hivyo kwenye mizunguko 1,800 ni robo tu ya ile ya 3,600, na msuguano mdogo usioonekana juu huonekana chini.

Wapo wanaoing'oa gavana ili wapate kasi. Konrodi ya injini hizi ni ya aluminiamu isiyo na beringi za kubadilishwa, na oili huifikia kwa kurushwa tu na kijiko kilicho chini yake. Mzunguko ukipanda kutoka 3,600 hadi 5,400, nguvu ya kuivuta konrodi hiyo huongezeka mara 2.25. Flaiwili ya chuma cha kusubu nayo inaweza kupasuka, na vipande vyake huruka karibu na miguu ya dereva. Waendeshaji wa mbio za gokati wanaoondoa gavana hubadilisha konrodi na flaiwili kwanza, na kwa minibaiki ya kawaida hakuna sababu ya kutosha ya kuwaiga. Kabureta ikifunguliwa kwa sababu yoyote, hata kusafishwa tu, ufito na mkono wa gavana hukaguliwa upya kabla ya kuwasha, kwa maana ufito uliochomoka hukiacha kilango bila msimamizi.