Unyayo Usiofuatwa

Mswahili akisikia "nyayo", neno la pili hujileta lenyewe: fuata. Mtoto hufuata nyayo za babake. Nchini Kenya, Rais Moi alipotangaza kufuata nyayo za mtangulizi wake, Kenyatta, neno likawa siasa, kisha jina la jumba na la uwanja wa michezo. Ndiyo maana "nyayo za kaboni", yaani kiasi cha gesi za kupasha dunia joto anachotoa mtu au kampuni, huniwia nzito mdomoni. Nani afuate moshi wa kampuni?

Tamathali hiyo ilianzia Kanada. Miaka ya 1990, William Rees na Mathis Wackernagel walipima unyayo wa kiikolojia kwa hekta: ardhi kiasi gani inahitajika kumlisha mtu na kumeza taka zake. Hapo unyayo ulikuwa eneo kweli, kama alama ya mguu matopeni. Ulipohamia kwenye kaboni, hekta zikageuka tani, jina likabaki.

Na tani ndizo sheria inazodai. Uingereza, kanuni za 2013 chini ya Sheria ya Kampuni ya 2006 zinataka kampuni zilizo kwenye soko la hisa zitaje gesijoto zinazotoa kwa mwaka, za mafuta zinayochoma na za umeme zinaonunua, pamoja na angalau uwiano mmoja, mathalani tani kwa kila pauni milioni ya mauzo. Methani nayo hugeuzwa kuwa tani linganifu za kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo hata "kaboni" hapa ni mkato tu.

Chukua jenereta ya kiwandani. Lita ya dizeli haifiki kilo moja, lakini ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, kwa sababu kaboni yake hushikana na oksijeni ya hewani. Mhasibu hana haja ya kuuona moshi. Risiti za dizeli na bili za umeme zinamtosha. Jasho humtoka kwenye mawanda ya tatu, yaani gesi zinazotoka nje ya kampuni yenyewe kwa ajili ya shughuli zake: malori ya watu wengine, malighafi, safari za wafanyakazi. Sheria ya California ya 2023 inayadai hata hayo, kwa kampuni zenye mapato yanayozidi dola bilioni 1 kwa mwaka.

Kwenye ripoti, basi, mimi huandika "hesabu ya gesijoto". "Unyayo wa kaboni", kwa umoja, nawaachia waandika mabango. Wengine husema "alama ya kaboni". Ibandike kwenye pakiti ya majani ya chai uone kama mnunuzi hatadhani ni nembo ya ubora.