UZI: Stima ikipotea siku tatu Kakamega, nani anamfikia mgonjwa?

1/ Kila stima ikipotea nchi nzima, mjadala huwa uleule. Huyu anasema serikali imelala. Yule anajibu kwamba laini mbovu zilirithiwa. Wa tatu anatuma picha ya tumbili. Kesho yake stima inarudi na sote tunasahau. Uzi huu hautaji mwanasiasa wala chama. Unauliza swali ambalo hukosekana: giza likikaa siku kadhaa, nani atamfikia mgonjwa wa Lurambi, Shinyalu au Navakholo, na mtu huyo ameandaliwa na nani?

2/ Tuanze na historia. Stima ya Kenya ilianzia mijini. Mwaka 1922 kampuni za Mombasa na Nairobi ziliungana zikawa East African Power and Lighting Company. Bwawa la Owen Falls kule Jinja lilipofunguliwa 1954, ikajengwa laini kubwa kutoka Tororo, ikapita Magharibi hadi Lessos na kufika Juja, karibu na Nairobi. Mwisho wa miaka ya 1950 Kenya ilikuwa inanunua umeme wa Uganda. Laini ilipita kwetu ikielekea mji mkuu. Kwa nyumba nyingi za vijijini, kazi iliendelea kuwa ya koroboi.

3/ Maisha hayo hayakuwa matamu, tusidanganyane. Lakini huduma chache zilitegemea soketi. Maji yalitoka chemchemi. Mgonjwa alibebwa kwa machela au baiskeli. Zahanati zilitumia friji za gesi au mafuta ya taa kuhifadhi chanjo. Stima ikipotea Nairobi, mtu wa Malava alisikia tu kwenye redio ya betri.

4/ Mambo yakabadilika. Sheria ya Kawi ya 2006 iliunda mamlaka ya kusambaza umeme vijijini. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Last Mile: nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwa transfoma, ada ikashushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Vijiji vikawaka, na hilo ni jema. Ila pole pole kila kitu kikahamia kwenye stima: pampu za maji, simu, pesa, mashine za oksijeni, hadi posho mill. Mpango wa akiba haukuhama nayo kwa kasi hiyo.

5/ Na gridi ikawa inaanguka. Juni 7, 2016, tumbili aliangukia transfoma kule Gitaru, nchi nzima ikakaa gizani zaidi ya saa tatu. Januari 11, 2022, minara ya laini ya Kiambere–Embakasi ilianguka. Mwaka 2023 zikaja za Agosti 25, Novemba 11 na Desemba 10. Mwaka 2024 tukapata tena Agosti 30 na Septemba 6. Unaona sababu zinabadilika kila mara. Kwa hiyo anayekuahidi kwamba haitatokea tena, muulize amejiandaa vipi ikitokea.

6/ Ile ya Agosti 2023 ilitufunza jambo moja. Uwanja mkuu wa ndege, JKIA, ulikuwa na jenereta, lakini ya sehemu muhimu ilikataa kuwaka. Waziri akaomba radhi, mkuu wa mamlaka ya viwanja akafutwa. Kama ilitokea pale, mbele ya macho ya dunia, inaweza kutokea kwenye kituo cha afya cha kijijini. Jenereta inahitaji mafuta, betri nzima, fundi, na kuwashwa mara kwa mara kujaribiwa. Picha ya kuikata utepe haitoshi.

7/ Mtu atasema: kwetu hupotea saa kumi na mbili tu, siku kadhaa ni hadithi. Waulize Wazanzibari. Unguja ilikuwa inapata umeme kwa kebo moja chini ya bahari kutoka Tanzania Bara, iliyowekwa 1980. Mei 2008 ilikatika, giza likakaa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ikaharibika tena, na stima ikarudi Machi 2010. Miezi mitatu! Kilichouma haraka ni maji, maana pampu zilisimama. Kebo mpya ilikuja 2013. Kakamega si kisiwa, lakini huduma zetu zinasimama kwa mpangilio uleule.

8/ Hesabu na mimi. Pampu zinazovuta maji ya Isiukhu zikisimama, mabomba ya mji yanakauka. Mabomba yakikauka, gari la zimamoto linajaza wapi? Na hizo ndizo siku ambazo watu wanawasha mishumaa na koroboi. Vituo vya mafuta navyo huvuta petroli kwa stima, kwa hivyo ambulensi inategemea kama mwenye kituo ana jenereta. Minara ya simu ina akiba, nayo huisha. Ikiisha, hakuna kupiga 999, 112 wala 1199 ya Msalaba Mwekundu. M-Pesa nayo inaenda na mtandao, kwa hivyo boda anataka keshi ambayo huna mfukoni.

9/ Hapa ndipo siasa inaingia. Soma Jedwali la Nne la Katiba ya 2010. Sera ya kawi iko kwa serikali ya kitaifa. Ambulensi na zimamoto ziko kwa kaunti. Udhibiti wa majanga umetajwa pande zote mbili. Ndiyo maana usiku wa giza kaunti inasema stima si yetu, Nairobi inasema ambulensi si yetu. Wote wawili wanasema kweli, na mgonjwa bado anangoja.

10/ Na nani hufika kwanza? Februari 3, 2020, watoto 14 walipoteza maisha katika mkanyagano kwenye ngazi za Kakamega Primary. Wazazi wao bado wako nasi, kwa hivyo hili tuliseme kwa heshima. Ilikuwa kama saa kumi na moja jioni, jua bado halijatua. Simu zilikuwa zinashika na majeruhi wakakimbizwa hospitali ya rufaa ya kaunti. Sasa fikiria dharura kama hiyo saa mbili usiku, siku ya pili bila stima. Anayefika kwanza ni jirani, mwalimu, mtu wa boda. Je, kuna mtu amewahi kumfunza huduma ya kwanza?

11/ Tuna msingi mzuri. Tangu 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii, karibu 100,000 nchini, wamepewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia taarifa. Wanajua nyumba zenye wajawazito na wagonjwa wasiotoka kitandani. Lakini orodha iliyo ndani ya simu iliyozima haisaidii mtu. Chaja ndogo ya sola na daftari la karatasi ni vitu vya bei ndogo sana ukilinganisha na gari moja la afisa.

12/ Hata kuzalisha umeme hapa si ndoto. Mwaka 2009 kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kuzalisha stima kwa makapi ya miwa, kikiiuzia gridi megawati 26. Kiwanda kilipoyumba, stima hiyo nayo ikaisha. Somo lake ni kwamba mtambo bila usimamizi hauna maisha. Hata paneli za sola juu ya zahanati zitafuata njia hiyo zisipowekewa bajeti ya matengenezo.

13/ Kuhusu pesa. Utasikia, “kuna mfuko wa dharura.” Ni kweli, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuwa nao. Lakini ni wa mahitaji ya ghafla yasiyotarajiwa. Kitu kilichotokea 2016, 2022, 2023 na 2024 kinatarajiwa. Mafuta ya akiba, redio za mawasiliano, matangi ya maji ya zimamoto na mafunzo yanafaa kuwa kwenye bajeti ya kawaida, na mwaka wa fedha huanza Julai 1.

14/ Kwa hivyo kikao cha maoni ya umma kikiitishwa wadi yako, nenda na maswali haya. Jenereta ya kituo chetu ilijaribiwa lini, na mafuta yake ni ya saa ngapi? Zimamoto watachota maji wapi pampu zikisimama? Simu zikizima, ambulensi inaitwaje? Nani ana orodha ya karatasi ya wanaotumia oksijeni nyumbani? Watu wa boda wamefunzwa wangapi? Ukijibiwa “tuko tayari”, omba uone maandishi. Mwenye nyongeza au sahihisho alete hapo chini, bila matusi.