Pamba Chini ya Chuma

Mkulima wa Iramba au wa Mkalama apelekapo pamba yake mizanini, aghalabu hufikiri juu ya bei, mafuta ya mbegu na karo ya watoto, wala haimpitikii moyoni kwamba nyuzi hizo azichumazo kwa vidole zilipata kuwa, kwa karne nyingi na katika nchi zilizo mbali sana na nyanda hizi za Singida, zana ya vita yenye kanuni zake na mafundi wake, hata wakawako wafalme waliotoa amri juu ya ushonaji wake kwa uangalifu uleule waliotolea amri juu ya mikuki na panga.

Historia ya vita imezoea kuhadithiwa kwa sifa za chuma. Tenzi za kale za pwani humvika shujaa deraya na chapeo, nazo picha za vitabuni humwonyesha askari wa Ulaya aking'aa tangu utosini hata nyayoni. Lakini ni nadra kumkuta msimulizi atamaniye kutazama kilichovaliwa chini ya chuma hicho. Na hapo ndipo penye siri. Deraya iliyofumwa kwa pete za chuma huzuia makali yasikate, walakini haizuii uzito wa pigo, madhali pete hulegea na kujikunja pamoja na mwili, hata mtu akaweza kuvunjika mbavu ilhali chuma juu yake ki kizima. Kwa hiyo ilishonwa nguo nene ya kuvaliwa ndani: ama mfuko wa kitani ulioshindiliwa pamba, sufu au matambara na kudariziwa kwa mistari iliyokaribiana, ama tabaka nyingi za nguo tupu zilizounganishwa kwa sindano zikawa kitu kimoja. Pigo lilipofika hapo lilitawanyika, kama vile godoro litawanyavyo uzito wa alalaye.

Shahidi bora wa nguo hiyo hakuwa aliyeivaa bali adui yake. Bahauddin ibn Shaddad, kadhi wa jeshi la Sultani Salahuddin, aliandika habari za mwaka 1191, wakati majeshi ya Mfalme Richard wa Uingereza yalipokuwa yakishuka pwani ya Palestina kuelekea Arsuf, akasema kwamba askari wa miguu wa Kifaranji walivaa nguo nene za sufu iliyoshindiliwa pamoja na deraya za pete, hata mishale ya Waislamu isiwadhuru. Naye aliwaona kwa macho yake watu waliochomwa mishale hadi kumi mgongoni wakiendelea na mwendo wao katika safu pasipo kuyumba. Mwenye kusoma maneno hayo hawezi kuyadhania chuku, kwa sababu kadhi hakuwa na faida yoyote katika kumsifu mshona nguo wa adui.

Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1181, Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza alikuwa ameagiza kwamba kila mtu huru awe na silaha kwa kadiri ya mali yake. Mwenye mali nyingi awe na deraya ya pete, chapeo, ngao na mkuki. Wenyeji wa miji na watu huru wengineo wawe na vazi lililoshindiliwa, chapeo ya chuma na mkuki. Yaani kile kilichokuwa bitana kwa tajiri kilikuwa deraya kamili kwa maskini, nao maskini ndio waliokuwa wengi.

Mahali penye biashara hapakosi hila. Mjini London, mwaka 1322, mafundi wa silaha waliwekewa kanuni ya kwamba vazi la namna hii lililofunikwa kwa hariri lisishindiliwe ila kwa kitani kipya, pamba na mabaki ya hariri. Na mavazi meupe, ya bei ndogo, yaruhusiwe kutiwa kitani kikuukuu na pamba, ila nguo yake ya nje na ya ndani iwe mpya. Sheria kama hiyo haitungwi pasipo watu kulalamika. Mnunuzi huuona mshono wa nje tu, hajui kilichomo tumboni mwa nguo mpaka siku ya kupigwa, na siku hiyo huwa amekwisha chelewa kwenda kwa fundi kudai fedha yake.

Ajabu zaidi ni agizo la Mfalme Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa, aliyetawala tangu 1461 hata 1483. Yeye alitaka vazi la tabaka 30, au zisizopungua 25, pamoja na ngozi moja ya kulungu. Akasema kwamba nguo iliyofaa kuliko zote kwa kazi hiyo ni ile iliyokwisha kuvaliwa ikalainika, kwa maana nguo mpya hukakamaa na kumzuia askari. Mikono iwe imara kama kiwiliwili, isipokuwa ngozi haihitajiki hapo. Na tundu za makwapa ziwe pana, ili mtu aweze kunyoosha mkono wake kwa pigo. Kwangu mimi agizo hilo lapita vitabu vingi vya majemedari, kwa vile limetoka katika kumtazama mtu akitembea, akiinama na akiinua mkono. Nalo lina hoja ya kweli: mshale unaopenya tabaka ya kwanza hulazimika kuikata ya pili upya, na ya tatu vivyo hivyo, nyuzi zikiukaba njiani, hata nguvu yake ikaisha kabla ya kufika nyamani.

Deraya za mabamba zilipoenea katika karne ya 15, nguo ya ndani ikawa nyembamba lakini yenye kazi nyingi zaidi. Waraka mmoja wa Kiingereza wa karne hiyo, uelezao namna ya kumvika mpiganaji, wasema asivae shati, bali kizibao cha kitani na pamba chenye bitana ya atlasi iliyotobolewa matundu mengi, na kamba za kufungia mabamba ziwe za uzi ule wa upinde, zilizopakwa nta ya washona viatu ili zisivutike wala zisikatike. Magotini afungwe vipande vya blanketi jembamba, chuma kisimchubue.

Kuitunza nguo hiyo kulikuwa taabu. Iliyojazwa pamba haifai kuloweshwa, kwani pamba ikilowa hujikusanya mafundo, ikaacha mahali patupu pasipo kinga. Na nguo nene hivyo hukawia kukauka, ikaota kuvu. Tiba yake ni jua, upepo na fimbo ya kupigia. Jasho la mvaaji liliozesha nyuzi na kutia pete kutu, na kutu nayo ikarudi kuila nguo. Chawa wakajificha katika mishono. Nondo wakaila sufu. Ndiyo sababu fundi mwenye busara alipendelea kitani na pamba, na mistari ya kudarizi akaiweka karibu karibu, kusudi kilichomo ndani kisihame.

Na pwani yetu je? Mreno Francisco de Almeida alipoitwaa Kilwa mwezi wa Julai mwaka 1505, Hans Mayr, aliyekuwa katika jahazi San Rafael, aliandika kwamba kisiwani mlikuwa na pamba nyingi iliyo njema, na kwamba wenyeji walikuwa na ngao madhubuti za majani ya mtende zilizofungwa kwa nyuzi za pamba. Basi Waswahili nao waliitia pamba vitani, ila waliishika mkononi badala ya kuivaa kiwiliwilini, jambo lenye maana katika nchi ya joto. Mwezi uliofuata, huko Mombasa, Wareno walikutana na mishale ya miti iliyochomwa ncha motoni na kutiwa sumu. Almeida mwenyewe aliuawa tarehe 1 Machi 1510, katika rasi ya kusini mwa Afrika, na Wakhoikhoi waliokuwa na mikuki na mawe. Mapokeo ya Kireno yasema mkuki ulimpata kooni.

Huku bara, Wanyaturu na Wagogo walijikinga kwa ngao za ngozi ya ng'ombe, nazo ndizo msafiri Stanley alizokabiliana nazo Vinyata, katika Ituru, mwezi wa Januari 1875, alipopigana kwa siku tatu akapoteza watu zaidi ya 20 ingawa alikuwa na bunduki. Pamba haikuvaliwa vitani, wala si kwa kukosa nguo, kwa sababu njia ya misafara iliyopita Mdaburu kwenda Tabora ilijaa nguo za merikani na kaniki. Nadhani sababu ilikuwa bei. Ukikadiria yadi 2 tu kwa kila tabaka, vazi la Mfalme Louis lingemeza yadi 60, yaani doti 15 kwa hesabu ya misafara, katika nchi ambamo nguo ndiyo iliyokuwa fedha, na ng'ombe yumo zizini. Mwenye msafara aliyekuwa na doti 15 alizitoa hongo kwa mtemi, akapita.