Nenosiri Likipotea, Tuseme Nini?

Mtu anapofungiwa nje ya kompyuta yake kwa kusahau neno la kuifungulia, wenzake humpa vitenzi kabla ya msaada. Fundi atasema "tunaitoa paswedi". Mwingine atasema "tunavunja loki". Skrini itamwandikia "rejesha nenosiri", na kijana aliyeketi pembeni atashauri "ipigwe window tu". Ukisikiliza haraka utadhani ni majina manne ya kazi moja. Sivyo. Kila kitenzi kina hatima yake kwa mafaili yaliyomo ndani, na anayevichanganya anaweza kufuta picha za harusi akiamini anazirudisha.

Tuanze na jina la kitu chenyewe, maana hata hilo hatujakubaliana.

"Nenosiri" ni ndoa nzuri. Neno ni letu la Kibantu; siri ni "sirr" ya Waarabu, ambao nao huita kitu hikihiki "kalimat as-sirr". Tumelichukua wazo, tukalipunguzia kiungo, maneno mawili yakawa moja kama ilivyo katika "mwanasheria". Msikilizaji ambaye hajawahi kugusa kompyuta akilisikia atakisia maana na atapatia. Istilahi inayojieleza hivyo ni ya kutunzwa.

"Nywila", jina jingine la kitu hicho, halijielezi. Lina faida ya ufupi, na katika sarufi linatembea wepesi: nywila yangu, nywila zangu, ilhali "manenosiri yangu" humjaza mtu kinywa. Lakini ukilitamka mbele ya asiyelijua, sikio lake litakimbilia nywele, nywea na kinywa, na litarudi mikono mitupu. Sisemi lifutwe. Limo katika programu, limo shuleni, na wapo vijana ambao kwao ndilo jina la kwanza. Nasema tu kwamba kati ya neno linalofundisha na neno linalotaka kufundishwa, mimi nalipigia kura la kwanza.

Wananchi wengi, hata hivyo, hawasemi lolote kati ya hayo. Wanasema "namba ya siri". M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo mama muuza mboga na mvuvi wa Mafia wanajua kwamba namba ya siri haitajwi kwa mtu. Istilahi hiyo imefanikiwa kuliko zote na haikungoja kikao. Tuiache palepale kwenye tarakimu tupu, na nenosiri libaki kwa mchanganyiko wa herufi, tarakimu na alama. Tofauti ipo na ina kazi.

Hiyo "siri" inastahili kutazamwa zaidi. Fernando Corbató na wenzake wa MIT walipoitilia maneno ya siri kompyuta yao ya kutumiwa na watu wengi, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kusudi lilikuwa kutenga mafaili ya huyu na yule, na mashine ilikuwa na orodha ya maneno yote. Orodha ikiibwa, siri zote zimekwisha. Baadaye ikaja njia nyingine, ambayo Robert Morris na Ken Thompson waliieleza mwaka 1979 katika makala yao kuhusu mfumo wa Unix: mashine isihifadhi neno, ihifadhi alama iliyokokotolewa kutokana nalo, alama ambayo haiwezi kukokotolewa kinyumenyume. Ukiandika neno lako, mashine hulikokotoa tena na kulinganisha alama mbili. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa hata kata haiijui.

Na hapo ndipo kitenzi "rejesha" kinapoanguka.

Kurejesha ni kufanya kitu kirudi kilikotoka. Kiko mahali, kimeondoka, kinarudi kilekile. Nenosiri lililosahaulika halirudi. Mashine iliyotengenezwa sawasawa haina cha kukurudishia. Inachoweza ni kukubali neno jingine mahali pa lile. Kwa hiyo "rejesha nenosiri" ni ahadi isiyotimizika, na mtumiaji anayeisoma hubaki akingoja aletewe neno lake la zamani, akiwaza kwamba kuna mtu mahali fulani amemwandikia kwenye daftari. Wazo hilo lina hatari zake: anayeamini kwamba "wahusika wanalijua neno lako" hatashangaa mhusika wa uongo akimpigia simu kumuuliza.

Baya zaidi ni kwamba kitenzi kimoja kimebebeshwa mizigo mitatu. Tunasema kurejesha nenosiri, ambako hakuna kinachorejea. Tunasema kurejesha mafaili kutoka kwenye nakala ya akiba, ambako kweli yanarejea. Halafu tunasema kurejesha mipangilio ya kiwandani, ambako kila ulichokiweka kinafutwa! Mtu aliyefungiwa nje, mwenye haraka na hofu, anaona "rejesha" na kusoma wokovu. Sioni kosa la istilahi lililo karibu zaidi na kosa la daktari kuliko hili. Kwa mzigo wa tatu lipo neno la wazi tangu zamani: kufuta. "Futa vyote, ianze kama mpya." Atakayebonyeza hapo atakuwa amejua.

"Kuweka upya" wanakupendekeza wengi. Ni afadhali, lakini angalia viambishi. "Upya" hueleza tendo: naweka kwa mara nyingine, na huenda ni kilekile. "Jipya" hueleza neno. "Weka nenosiri jipya" haina utata hata chembe, na haijapungukiwa na lolote. Herufi mbili zimetosha.

Sasa maneno ya mafundi. Sipendi wanavyobezwa na wasomi, kwa sababu mara nyingi fundi hutunga kwa kufuata kanuni ambazo msomi huzisahau. "Kupiga window", yaani kuisimika Windows upya, imetokana na tabia ya kale ya kitenzi chetu kinachokubali karibu kila nomino: piga pasi, piga deki, piga picha, piga mswaki. Ni Kiswahili kamili. Kasoro yake ni kunyamaza kuhusu mafaili, na jambo hilo ndilo mteja anahitaji kulijua, kwa kuwa Windows yenyewe inapojisimika tena inaweza kuyaacha mafaili au kuyafuta. Naomba mafundi waongeze neno moja: kupiga window kwa kufuta, kupiga window bila kufuta. Mteja achague huku akielewa.

"Kuvunja" kuna ukweli wa kimwili, ila kunamwonea mwenye mali. Mvunjaji ni mwizi. Na "kudukua" kuko mbali zaidi: udugu wake na "dukiza", kusikiliza kwa kificho mazungumzo ya watu, ndio uliomfanya mdukuzi awe mdukuzi. Anayetaka kuingia kwenye kompyuta yake mwenyewe hadukizi mtu. Anastahili kitenzi kisichomtia hatiani.

Kitenzi hicho tunacho, na kiko bandarini: kugomboa.

Mzigo umefika Dar es Salaam. Ni wako, umeulipia, jina lako limeandikwa juu yake, lakini uko ndani ya uzio na huwezi kuuchukua kwa kusema tu kwamba ni wako. Unatoa hati, zinalinganishwa, ushuru unalipwa, mzigo unatoka. Wakala wa forodha anayeifanya kazi hiyo husema anagomboa mizigo, na kila mtu anamwelewa. Akaunti uliyofungiwa nje yake iko katika hali hiyohiyo. Huombi fadhila wala huvunji mlango. Unatoa ushahidi: namba iliyotumwa kwenye simu yako, barua pepe ya pili uliyoiandikisha, au ufunguo wa BitLocker (kufuli ya diski ya Windows) wenye tarakimu 48 uliouchapisha siku ulipoinunua mashine. Ushahidi ukikubalika, umeigomboa.

Tazama jinsi kinavyonyumbulika bila kulalamika. Nimegomboa akaunti. Kompyuta imegombolewa. Fundi, nigombolee. Ugomboaji huchukua siku mbili. Ukurasa wa ugomboaji. Na kimebeba jambo ambalo "rejesha" halina: kwamba kuna uhakiki katikati, na kwamba usumbufu wake ni kinga yako, kwa sababu asiye na hati hagomboi kitu.

Utaniuliza: kwa nini si "komboa", pacha wake anayejulikana zaidi? Kwa sababu komboa ina fedha na mateka ndani yake. Tuihifadhi kwa balaa jingine, zile programu zinazofunga mafaili ya watu na kudai malipo, kama WannaCry ya Mei 2017. Malipo yanayodaiwa ni kikomboleo, neno la kale lililokuwa likingoja kazi. Konsonanti moja, k au g, itatutenganishia mwathirika wa uhalifu na msahaulifu wa kawaida. Lugha chache zina bahati hiyo.

Kuhusu huyo msahaulifu, nina ombi dogo la adabu. Skrini humuuliza "Umesahau nenosiri?" Ni sahihi. Lakini Mswahili akimkumbusha mgeni jina lililomtoka husema "umepitiwa". Kupitiwa kunaliondoa kosa begani mwa mtu, kana kwamba kitu kimempita naye hakukiona. Asubuhi ya kazi, mbele ya mashine iliyofungwa, tofauti hiyo ya hisia si ndogo.

"Ufikiaji" sitaki kuuzungumzia kwa kirefu. "Umenyimwa ufikiaji wa akaunti" ni sentensi ambayo hakuna bibi aliyewahi kuisema. "Huruhusiwi kuingia" inatosha.

"Kidokezo", lile neno dogo la kukukumbusha nenosiri, nalisifu na kupita.

Lakini "usimbaji fiche", yaani kuyageuza mafaili yasisomeke bila ufunguo, tuusimamishe kidogo. Diski ikiwa haijafichwa hivyo, fundi anaweza kuichomoa, kuitia kwenye mashine nyingine na kuyasoma mafaili hata kama nenosiri la Windows limepotea. Ikiwa imefichwa, ataona vurugu tupu mpaka upatikane ufunguo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama vitu vyako vimepona, na tumeipa jina la maneno mawili mazito yasiyonyumbulika pamoja. Mimi napendekeza "kufumba". Kiswahili ni lugha ya mafumbo; wanawake wa pwani wamefumbiana kwa kanga kwa vizazi, mbele ya kila mtu, na asiye na ufunguo akaona kitambaa tu. Fumba ina kinyume chake tayari kwa kiambishi kimoja, kama funga na fungua: diski imefumbwa, ufunguo unaifumbua. Fundi anaweza kumuuliza mteja "ilifumbwa?" na akajibiwa.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, watu waliona kwamba programu nzima ya ofisi inaweza kusema Kiswahili. Kazi ya kuthubutu imekwisha fanywa. Iliyobaki ni ya kuchuja, na haiwezi kuachiwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wafasiri wa makampuni peke yao. Wewe unayesoma haya ndiwe utakayesimama dirishani kwa fundi. Usimwambie akurejeshee. Mwambie akugombolee, umuulize kama atafuta au hatafuta, na usikie atakavyojibu. Kama kwenu Lamu, Pemba au Kigoma mna kitenzi kinachozidi hiki, kitumieni kwa sauti, mbele ya watu, mpaka na sisi tukisikie.