Matembezi ya msitu wa Amani

Matembezi ya msitu wa Amani ni safari za miguu zinazoongozwa na wenyeji katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, Tanzania. Unyevu wa Bahari ya Hindi hupanda milimani na kugeuka ukungu na mvua. Ndiyo maana kangaga na okidi huota hata juu ya miti. Mwongozaji mzuri hapa ni hazina: humwona kinyonga aliyetulia tawini, na hujua miamba yenye kivuli inakoota Saintpaulia, ua linalopandwa vyunguni duniani kote lakini asili yake ni Tanzania na Kenya. Ndani ya hifadhi kuna pia bustani ya mimea ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Wakati wa masika njia za matembezi huteleza.